Mali Bila Daftari, na Daftari Lililo Ndani ya Kompyuta

Jumamosi moja, mwishoni mwa mwezi wa Agosti, akina mama wa kikundi chetu cha kanisa hapa Handeni tulikutana kama kawaida ili kugawana kazi ya kuwatembelea wajawazito. Siku hiyo tulikuwa na furaha ya pekee. Kwa mara ya kwanza hatukufungua lile daftari letu kubwa lenye jalada lililochanika. Katibu wetu alikuwa ameshika karatasi safi iliyotoka kwenye kompyuta, yenye majina ya akina mama wote waliotarajia kujifungua mwezi wa Septemba. Kila mmoja wetu alipewa majina yake na vijiji vyake, na kazi iliyozoea kuchukua saa 2 ikamalizika kwa dakika 15.

Tulipokuwa tunasimama ili tuombe na kuagana, bibi mmoja, ambaye hakubahatika kusoma, aliniuliza, "Sista, mbona yule binti aliyepasuliwa katika uzazi wake wa kwanza hamkumtaja? Tumbo lake si la mwezi huu unaokuja?"

"Labda amekwenda kujifungulia kwao, bibi," nilimjibu.

"Hajaenda popote. Jana tumechota maji pamoja."

Tulirudia kuisoma karatasi, jina kwa jina. Hakuwemo. Ndipo tukafungua daftari la zamani, na pale, kwa wino wa buluu, tukamkuta: anatarajia kujifungua tarehe 4/9. Tulipotafuta ndani ya kompyuta tulimkuta pia, lakini kompyuta ilikuwa imemwandika kwamba atajifungua tarehe 9 Aprili. Kwa hesabu ya kompyuta, mama huyo alikuwa amekwisha kujifungua miezi minne iliyopita, na hapakuwa na haja ya kumtembelea.

Msomaji mpendwa, mwanamke aliyewahi kujifungua kwa upasuaji hapaswi kungojea uchungu akiwa kijijini. Kovu la zamani laweza kupasuka wakati wa uchungu, na hapo mama na mtoto wote wako hatarini. Anatakiwa awe karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji kabla siku hazijatimia. Jioni ile ile tulituma wenzetu wawili nyumbani kwake, wakampelekea fedha ya nauli kutoka katika mfuko wetu, na baada ya siku 2 alikwenda Korogwe kukaa kwa shangazi yake. Alijifungua salama, tukamshukuru Mungu. Lakini usiku ule mimi sikupata usingizi. Nilijiuliza: kama bibi yule asingekuwepo, je?

Sijaandika makala haya ili kuwatisha akina mama wenzangu wasiiguse kompyuta. Kikundi chetu kinaitumia mpaka leo, na wenzetu wa Korogwe nao wameanza. Naandika kwa sababu siku hizi vikundi vingi vya akina mama, vya kuweka na kukopa, vya wajane na vya kulea yatima, vinahamisha majina yao kutoka daftarini na kuyaweka ndani ya kompyuta. Tulichojifunza kwa hofu, wengine wajifunze kwa kusoma.

Daftari la kompyuta ni kitu gani?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wataalamu wa kompyuta wana jina lao la daftari: hifadhidata. Jina linatisha kuliko kitu chenyewe. Ni majedwali tu, yenye mistari na safu, kama vitabu tunavyovijaza kliniki. Kila mstari ni mtu mmoja. Kila safu ni jambo moja juu yake: jina, kijiji, tarehe, simu.

Tofauti yake na daftari la kawaida ni kwamba majedwali hayo huweza kuunganishwa. Sisi tuna jedwali la akina mama na jedwali la michango. Kila mama ana namba yake, na namba hiyo hiyo huandikwa kila anapotoa mchango. Ukiiuliza kompyuta, "Mama mwenye namba 38 ametoa kiasi gani tangu Januari?" inakwenda kwenye jedwali la pili, inakusanya mistari yote yenye namba 38, inajumlisha na kukujibu. Mtu aliyeeleza kwa ufasaha jinsi ya kupanga kumbukumbu namna hii ni Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko Marekani, katika maandiko aliyoyatoa mwaka 1970. Lakini mama yeyote aliyewahi kutafuta kadi ya kliniki kwa namba badala ya jina anaielewa shabaha yake.

Jinsi tulivyoiweka

Kompyuta yetu si mpya. Ilitolewa na kijana wa usharika anayefanya kazi Dar es Salaam. Kwanza fundi mmoja alituahidi kutuwekea programu ya kulipiwa "kwa bei ya kirafiki", yaani nakala ya wizi. Mama Mchungaji alikataa palepale. Alisema hatuwezi kutunza sadaka za watu kwa kitu kilichoibwa. Mimi niliongeza sababu ya pili, ya kiuguzi: nakala za namna hiyo mara nyingi huja na virusi.

Tukachagua programu ya bure, iitwayo LibreOffice, ambayo ndani yake kuna sehemu ya hifadhidata inayoitwa Base. Programu hii ina undugu na nchi yetu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa kwa Kiswahili programu za ofisi zilizojulikana kama Jambo OpenOffice. Kutoka katika OpenOffice hiyo ndipo ilipozaliwa LibreOffice mwaka 2010.

Kijana wetu mmoja aliyemaliza kidato cha sita alikuja kuisakinisha, yaani kuiweka programu ndani ya kompyuta ili ifanye kazi. Aliichukua kutoka kwenye tovuti ya wenyewe, si kwa watu wa njiani. Iliingia bila shida, lakini tulipotaka kuanzisha daftari jipya ilikataa. Ujumbe ulitokea kwenye kioo ukisema inahitaji programu nyingine ya kuisaidia, iitwayo Java. Kijana akaitafuta Java, akaiweka, na bado ikakataa. Asubuhi nzima ilipita hivyo. Mwishowe aligundua kwamba kuna Java za aina mbili, ya biti 32 na ya biti 64, na ni lazima ifanane na LibreOffice uliyoiweka. Yetu zilikuwa tofauti. Alipoweka iliyofanana, daftari likafunguka. Naeleza jambo hili kwa urefu kwa sababu kikundi kingine kingeweza kukata tamaa hapo na kudhani kompyuta ni mbovu.

Kosa lilikoingilia

Kijana alitengeneza majedwali, akaandika majina matatu ya kujaribu, akayatafuta, yakaonekana. "Mama, tayari, inafanya kazi," aliniambia. Nami niliamini. Katika Jumamosi 4 zilizofuata katibu wetu na binti yake walichapa majina zaidi ya 200 kutoka katika daftari.

Sasa sikilizeni lilikotoka kosa. Kompyuta ile ilikuwa imepangwa kwa desturi ya Marekani, ambako watu huanza kuandika mwezi, kisha siku. Sisi huanza na siku. Kwa hiyo mtu akichapa 4/9, sisi tunasoma tarehe 4 Septemba, kompyuta inasoma tarehe 9 Aprili. Kijana alipojaribu alitumia tarehe 1/1, 5/5 na 6/6. Hizo hata ukizigeuza hazibadiliki! Jaribio lake lilikuwa halina uwezo wa kuonyesha kosa.

Binti wa katibu alipochapa tarehe kama 25/9, kompyuta iliikataa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Akajifunza kuigeuza, 9/25, ikakubali, naye akaendelea. Hakumwambia mtu, kwa kuwa aliona ni kero ndogo tu. Lakini tarehe zote ambazo siku yake haikuzidi 12 zilipita kimya kimya zikiwa zimegeuka. Kosa linalopiga kelele lilitafutiwa dawa, na kosa lililonyamaza likabaki. Sisi wauguzi tunalijua jambo hili wodini: mgonjwa anayelia hupata huduma, na yule aliyetulia kwenye kona ndiye wa kumwangalia zaidi.

Si sisi wa kwanza kuumizwa na haraka. Kompyuta ya kwanza ya serikali yetu iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Hesabu zilihamishiwa humo, mambo yakavurugika, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Marufuku hiyo iliondolewa baadaye, na leo hospitali, benki na shule zinaendeshwa kwa kompyuta. Ikiwa wizara yenye wataalamu ilijikwaa, kikundi cha kanisa kisione haya kurudi nyuma na kuanza kwa utaratibu. Ndivyo tulivyofanya.

Majaribio tuliyoyafanya

Tuliiweka pembeni kazi ya kuchapa. Tukatengeneza daftari la pili ndani ya kompyuta, la majaribio tu, ili tusichezee majina ya watu. Tukaandika akina mama 20 wa kubuni, tukiwaita Mama Jaribio wa Kwanza, wa Pili na kuendelea. Kisha tukafanya haya yafuatayo.

Kwanza, tuliandika majibu kwenye karatasi kabla ya kuiuliza kompyuta. Tulijua kwamba kati ya wale 20, watano ni wa Septemba, watatu ni wa Oktoba, na wawili hawana simu. Jaribio zuri ni lile ambalo jibu lake unalijua tayari. Ukiiuliza kompyuta jambo usilolijua, utapokea chochote inachokupa.

Pili, tulijaribu tarehe. Tuliweka mama mmoja wa 4/9 na mwingine wa 9/4 makusudi. Tulibadilisha mpangilio wa nchi kutoka Marekani kuwa Tanzania, na tukaagiza tarehe zionekane na jina la mwezi kwa herufi, "4 Septemba", ili hata mwenye miwani dhaifu asikosee. Hapa naomba mzingatie: kubadilisha mpangilio hakusahihishi tarehe zilizokwisha kuingia vibaya. Tulilazimika kuzisoma zote upya, moja moja, mmoja akisoma daftari na mwingine akiangalia kioo.

Tatu, namba za simu. Tulichapa 07 na tarakimu nyingine, kompyuta ikaondoa sifuri ya mwanzo. Kwake sifuri iliyo mbele ya namba haina thamani. Kwetu sisi simu isiyo na sifuri haiiti. Dawa yake ni kuiagiza kompyuta iihesabu safu ya simu kuwa ni maandishi, si namba.

Nne, majina. Mahali petu akina Maria Yohana ni wengi. Tuliweka wawili, wa vijiji tofauti, tukaona kama michango ya mmoja itaingia kwa mwingine. Haikuingia, kwa sababu kila mmoja ana namba yake. Lakini tuligundua kwamba tukiuliza habari za "Maria" kompyuta haimwoni aliyechapwa "maria" kwa herufi ndogo. Tukakubaliana kuchapa majina yote kwa herufi kubwa, na kuyaandika kama yalivyo kwenye kadi ya kliniki, asiwe leo Zaituni na kesho Zaitun.

Tano, tulikosea makusudi. Tuliandika mama mwenye umri wa miaka 250. Kompyuta ilipokea bila kushangaa. Tukamwita kijana wetu aweke mipaka, miaka 12 hadi 55, na aifanye safu ya kijiji isikubali kuachwa wazi. Mama aliyeandikwa bila kijiji atatembelewa wapi?

Sita, fedha. Tulijumlisha michango ya mwezi mmoja kwa mkono kutoka daftarini, tukailinganisha na jumla ya kompyuta. Zilipishana kwa shilingi 2,000. Kwa kuwa 2,000 ndiyo mchango wa mtu mmoja, tulijua kuna aliyeandikwa mara mbili, na ndivyo ilivyokuwa. Wahasibu wana siri nyingine nzuri: tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, inawezekana umebadilishana tarakimu. Kwa mfano, ukiandika 5,400 badala ya 4,500, tofauti ni 900. Waweka hazina wa vikundi walikumbuke hilo.

Saba, umeme. Hapa kwetu umeme huaga bila kubisha hodi. Tulichapa majina matano ya kubuni, kisha tukaizima kompyuta ghafla bila kufunga daftari. Tulipoiwasha, yale majina matano hayakuwepo. Programu hii huweka kazi ndani ya faili pale unapoihifadhi au kuifunga vizuri. Kabla ya hapo iko mikononi tu, kama unga ambao haujaingia debeni. Tangu siku hiyo tuna kanuni: kila majina 10, hifadhi.

Majaribio hayo yote yalituchukua Jumamosi 2. Wengine walinung'unika kwamba tunapoteza muda na Mama Jaribio wakati akina mama wa kweli wanasubiri. Lakini tuliwakumbusha yule binti wa tarehe 4 Septemba, wakanyamaza.

Flashi iliyosafiri hadi Korogwe

Lilibaki jambo moja. Kompyuta ikiibiwa, ikiungua au ikifa kwa uzee, majina yatatoka wapi? Kila wiki katibu alikuwa akitoa nakala ya daftari na kuiweka kwenye flashi, nayo ilikaa kwenye kabati moja na kompyuta. Mama Mchungaji akauliza, "Moto ukija, utachoma kompyuta na kuiacha kabati?"

Tukaamua nakala moja ikae Korogwe, kwa akina mama wenzetu ambao nao walitaka kuanzisha daftari kama letu. Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilomita 65, na sasa ni lami tupu. Nilikwenda nayo mwenyewe kwa basi, flashi imefungwa kwenye kitambaa ndani ya mkoba. Hiyo ya kwanza ilikuwa na daftari la Mama Jaribio tu, kwa kuwa tulitaka kujaribu njia kabla ya kupitisha siri za watu.

Tulipoichomeka kwenye kompyuta yao, baada ya kuipima virusi, daftari halikufunguka. Waliwekewa LibreOffice, lakini hawakuwekewa Java. Nilitabasamu, kwa kuwa ugonjwa huo nilikuwa nimekwisha kuuguza. Tulipoweka Java inayofanana, daftari lilifunguka na akina Mama Jaribio 20 wote wakaonekana. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nakala ambayo hujawahi kuifungua mahali pengine bado ni tumaini tu. Tungengoja mpaka siku ya moto ndipo tugundue kwamba halifunguki?

Kisha nilimwomba mama mmoja wa Korogwe, mwuza vitenge ambaye hakuwahi kuliona daftari letu, akae mbele ya kompyuta na kumwandikisha mama mpya bila mimi kumsaidia. Nilikaa nyuma yake, mdomo nimeufunga. Alisoma, akasita, akauliza, "Dada, hapa panaposema 'Tarehe', ni tarehe ya nini? Ya leo, ya kuzaliwa kwangu, au ya kujifungua?" Sisi tuliolitengeneza tulijua maana yake, kwa hiyo hatukuona kwamba halisemi. Tukabadilisha ikawa "Tarehe ya kutarajia kujifungua". Kuuliza si ujinga. Swali la mgeni lilitusaidia kuliko macho yetu kumi.

Siri za akina mama

Kuna jambo ambalo kama muuguzi siwezi kuliacha. Daftari la karatasi lilikuwa moja, na lilikaa nyumbani kwa katibu. Faili ya kompyuta yaweza kunakiliwa kwa dakika moja na kufika kwenye simu za mji mzima. Nchi yetu inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa ni nyeti. Sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya makampuni makubwa peke yake.

Kwa hiyo tulikubaliana haya. Kila mama anaelezwa kwanza kwa nini jina lake linaandikwa, na anakubali mwenyewe. Tunaandika yale tu tunayoyahitaji ili kumtembelea na kumpa nauli: jina, kijiji, simu, tarehe, na alama ndogo kama anatakiwa awahi hospitali. Hatuandiki magonjwa. Hatuandiki majibu ya vipimo. Hayo yana mahali pake, kwenye kadi ya kliniki na vitabu vya MTUHA vya zahanati, na sisi si zahanati. Daftari lina neno la siri linalojulikana na watu 2 tu, na nakala inayokaa Korogwe ina neno lake la siri. Karatasi zilizotolewa kwenye printa huchomwa mwezi ukiisha. Wala jina la mtu halibandikwi kwenye mbao za matangazo ya kanisa, hata kwa nia ya kumwombea, kama hajaruhusu.

Na tafadhali, mama mjamzito asikae akingojea orodha ya mtu yeyote. Ukiona damu, ukipata kichwa kikali kisichopoa, macho kuona ukungu, kuvimba uso na mikono, degedege, maji kutoka kabla ya wakati, au mtoto kuacha kucheza, nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo. Kompyuta haina mikono ya kukubeba.

Daftari lilipumzika lini?

Tuliendelea na yote mawili, daftari na kompyuta, kwa miezi 3. Kila mwisho wa mwezi tulitoa orodha mbili na kuzilinganisha. Mwezi wa kwanza zilipishana kwa majina 3: mawili yalikuwa ni makosa yetu ya kuchapa, na moja lilikuwa ni kosa la daftari lenyewe, mama aliyehamia Mkata tangu mwaka uliotangulia lakini akabaki kwenye kurasa zetu. Kumbe hata wino nao hukosea! Mwezi wa pili lilipishana jina 1. Mwezi wa tatu hayakupishana.

Siku hiyo tulimwita yule bibi aliyeuliza swali chini ya mwembe, tukamsomea orodha yote kwa sauti. Alisikiliza akiwa amefumba macho, akihesabu nyumba kwa vidole vyake, kijiji hadi kijiji. Mwisho akasema, "Wapo wote." Ndipo katibu alipolifunga daftari la zamani na kulitia kabatini. Hatukulichoma. Litakaa.

Tangu hapo tumeamua kwamba orodha ya kila mwezi isomwe kwa sauti mbele ya wote kabla ya kugawana kazi, na yeyote aruhusiwe kusema, "Mbona fulani hayumo?" Katika Injili ya Luka, Bwana Yesu alisimulia juu ya mchungaji mwenye kondoo 100 aliyepotelewa na mmoja. Mara nyingi tunahubiriwa juu ya safari yake ya kumtafuta. Lakini kabla ya safari ile ilimlazimu ahesabu, na ahesabu sawasawa, la sivyo asingejua kwamba kuna aliyepotea.

Akina mama wenzangu, ikiwa kikundi chenu kinataka kuingia katika mambo ya kompyuta, msiogope. Tafuteni programu halali, hata ya bure. Muwe na kijana mwaminifu wa kuwasaidia, lakini msimwachie yeye peke yake kusema "tayari". Anzeni na majina ya kubuni, pimeni kwa maswali ambayo majibu yake mnayajua, toeni nakala na kuifungua kwenye kompyuta nyingine, na msilifunge daftari la zamani mpaka lipatane na jipya. Nyuma ya kila mstari yupo mama anayewatazamia.

Yule mtoto wa Septemba sasa anatambaa. Mama yake alimleta kikundini mwezi uliopita, naye akaenda moja kwa moja kuvuta waya wa kompyuta. Tulimwondoa upesi, tukacheka. Kisha katibu akahifadhi kazi yake, maana alikuwa amekwisha kuchapa majina tisa.